Kumbwe ya Samaki wa Moshi juu ya Mkate: Mapishi ya Vanga na Vitenzi Vyake

Utangulizi

Wakati wa kaskazi, mashua zinaporejea Vanga zimejaa, shida ya mvuvi si samaki tena bali ni saa. Samaki aliyevuliwa alfajiri huanza kulegea kabla ya adhuhuri, na joto la pwani halimsubiri mnunuzi aliye Msambweni wala Mombasa. Hapana budi samaki huyo atiwe barafu, au chumvi, au mafuta yanayochemka, au jua, au moshi. Kila njia ina watu wake na ina msamiati wake, na mwenye kuchanganya msamiati aghalabu huishia kuchanganya na njia zenyewe.

Vanga ndio mji wa kusini kabisa katika pwani ya Kenya, ukiacha kijiji cha Jimbo kilicho karibu zaidi na mpaka wa Tanzania. Uko katika eneo la Lunga Lunga, Kwale, umezungukwa na mikoko, na maji makuu yanapojaa bahari huingia hadi karibu na milango ya nyumba. Kwa wanafunzi wa lahaja, mji huu unajulikana kama makao ya Wavumba, wenye Kivumba chao ambacho H. E. Lambert alikieleza katika kijitabu cha mwaka 1957. Kwa walaji, unajulikana kwa samaki. Mambo haya mawili hayajatengana sana kama inavyodhaniwa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa chakula kidogo cha kutangulia mlo: samaki aliyekaushwa kwa moshi, akachambuliwa, akachanganywa na tui zito na ndimu, kisha akawekwa juu ya kipande cha mkate kilichobanikwa. Ni chakula chepesi kwa mtu yeyote aliye na jiko la makaa, debe na subira. Pamoja na maelezo hayo, makala yanatazama vitenzi vinavyotumika, kwa sababu katika mapishi haya kitenzi kisipokuwa sahihi, samaki naye hawi sahihi.

Jina la chakula chenyewe

Mwandishi wa mapishi kwa Kiswahili hukwama kabla hata hajawasha moto. Chakula kinacholiwa mwanzo, ili kuchokoza hamu ya mlo mkuu, kiitweje? Jina ambalo lingefaa kuliko yote ni kiamshakinywa, kwani linasema hasa kinachofanyika: kinywa kimelala, nacho huamshwa. Lakini jina hilo limekwisha kuchukuliwa na chakula cha asubuhi nchini Kenya, kama vile kifunguakinywa kilivyochukuliwa nchini Tanzania. Kumwalika mgeni saa mbili za usiku na kumwahidi kiamshakinywa ni kumwambia alale hadi kesho.

Vitafunio ni neno jingine lililo karibu, ila mazoea yamelifunga katika chai: mandazi, mahamri, mihogo, mkate wa kumimina. Asusa nalo ni zuri, lakini wengi hulihusisha na kile kinachotafunwa baada ya kinywaji kikali au dawa chungu ili kuondoa ukali mdomoni. Linabaki kumbwe, neno lililomo katika kamusi na ambalo halisikiki sana siku hizi, lenye maana ya chakula kidogo kisichofikia kuitwa mlo. Kumbwe haina saa yake maalumu, haina kinywaji chake, na haijafungwa katika sherehe yoyote. Kwa hiyo makala haya yanaita chakula hiki kumbwe, na pale panapohitajika kutofautisha, kumbwe ya utangulizi. Neno la zamani lililo wazi ni bora kuliko kuunda jipya lenye silabi tisa ambalo halitavuka mlango wa semina.

Mkate nao una ubishi wake. Mjini husemwa tosti, na hakuna ubaya katika mkopo huo. Hata hivyo, kipande cha mkate kinachowekwa juu ya wavu, karibu na makaa yasiyo na ndimi za moto, kikageuzwa upande hadi upande mpaka kikakauka na kupata rangi ya kahawia, kinafanyiwa jambo ambalo Kiswahili kimelitaja tangu kale. Kinabanikwa.

Vitenzi vya kuweka na vitenzi vya kuondoa

Wanafunzi wengi hufundishwa shuleni kwamba kiambishi -ik- au -ek- katika kitenzi ni cha kauli ya kutendeka: pika, pikika, soma, someka, vunja, vunjika. Samaki akipikika, hatajwi aliyempika. Kanuni hiyo ni sahihi kwa mahali pake, lakini mpishi wa pwani huiharibu kila siku bila kukusudia. Yeye huloweka samaki katika maji ya chumvi, humwanika upepo umpige, humbanika motoni, humfunika na humwangika juu ya jiko. Vitenzi vyote hivi vina -ik- au -ek-, na hakuna hata kimoja kilicho cha kutendeka. Ushahidi uko katika kauli ya kutendwa: samaki amelowekwa na mama, ameanikwa na mtoto, amebanikwa na mvuvi. Haiwezekani kusema kwa namna hiyo hiyo kwamba samaki *amepikikwa na mama.

Hii ni -ik- nyingine, ambayo kazi yake ni kuonyesha kukiweka kitu katika hali au mahali fulani. A. E. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 kuhusu sarufi ya Kibantu asilia, aliitenga na ile ya kutendeka. Katika Kiswahili cha leo imeganda. Haizalishi vitenzi vipya kwa urahisi, na baadhi ya mashina yake hayasimami peke yake tena. Anika haina *ana ya maana hiyo. Banika inafanana na bana, na ubano ndio ule ujiti uliopasuliwa kichwani unaomshika samaki kando ya moto, lakini anayebanikwa leo juu ya wavu hakubanwa na kitu chochote. Loweka ina jamaa aliye hai, yaani lowa: nguo hulowa kwa mvua bila kukusudiwa, lakini huloweka kwa mkono wa mtu.

Kinachopendeza zaidi ni kwamba vitenzi vingi vya kundi hili vina wenzao wa kuondoa, vyenye -u-. Kinachoanikwa huanuliwa. Kinachoangikwa huanguliwa. Kinachofunikwa hufunuliwa. Chungu kilichoinjikwa huipuliwa. Kwa jozi hizi, lugha inamkumbusha mpishi jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi husahau, kwamba kuondoa kwa wakati ni nusu ya kazi. Samaki aliyeanikwa asipoanuliwa kwa saa yake, huwa ng'onda bila mwenyewe kutaka. Na ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani, ni kitu kizuri sana katika mchuzi, ila hawezi kulainika juu ya mkate.

Kando ya kundi hilo yako maneno mawili ambayo lazima yatenganishwe. Kuchoma ni kukutanisha chakula na moto wenyewe, na neno hilo limepanuka siku hizi mpaka limemeza yote: nyama huchomwa, mahindi huchomwa, mkate huchomwa, hata keki husemwa imechomwa. Kufukiza ni jambo tofauti kabisa. Moshi hufuka wenyewe. Mtu anapoufanya ufuke ili ukipate kitu fulani, basi anafukiza. Kitenzi hiki kinajulikana sana katika nyumba za Waswahili kwa sababu ya udi na ubani. Mwanamke anayefukiza nguo huweka makaa katika chetezo, hutia udi, hungoja moshi utulie, kisha hufunika nguo juu yake. Hawezi kuthubutu kuacha makaa yawake, maana angeunguza kanzu badala ya kuinukisha. Mwenye kuelewa jambo hilo amekwisha kuelewa kanuni nzima ya samaki wa moshi: moto mdogo, moshi mwingi, na kifuniko. Pindi ndimi za moto zinapoonekana, kufukiza kumekwisha na kuchoma kumeanza.

Kumchagua samaki

Si kila samaki anapendezwa na moshi. Wenye mafuta kiasi na mnofu mzito ndio wanaofaa, kwa kuwa moshi hushika katika mafuta, na mnofu mzito haukauki upesi. Kolekole anafaa sana. Jodari na nguru wanafaa pia, na vibua, ingawa ni wadogo na wana miba, wana ladha kubwa kuliko miili yao. Mkizi wa kwenye hori anafaa kama ni mnene. Huyu ndiye yule ambaye hasira yake, kwa mujibu wa methali, ni furaha ya mvuvi, kwa vile huruka majini kwa kishindo na mara nyingine huangukia chomboni mwenyewe.

Changu na pono ni wazuri kwa mchuzi na kwa kukaanga. Katika moshi hukauka na kuvunjika. Tafi, ambaye ukivuka mpaka na kufika Unguja huitwa tasi, ana mnofu mtamu lakini mwembamba, na ni heri aachiwe mama karanga. Jina hili la mama karanga huwakosesha wanafunzi wanaotoka bara, ambao hudhani ni muuza njugu. Karanga hapa ni kitenzi, sawa na kaanga. Mama karanga ni wale wanawake wa pwani ya Kenya wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza. Wao ndio wanaookoa sehemu kubwa ya samaki wadogo wasioharibike, na hufanya hivyo kwa mafuta na kuni za kununua, faida ikiwa ni ndogo. Moshi ungeweza kuwa njia yao ya pili siku ambayo samaki ni wengi na wateja wa wa kukaanga ni wachache, kwa sababu samaki wa moshi huuzwa kwa hoteli na kwa nyumba ambazo hazimtaki wa mafuta. Diani, yenye mahoteli yake, iko kaunti hiyo hiyo ya Kwale.

Jambo moja halina mjadala. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kufa, huzaa ndani ya mnofu sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondolewi na chumvi, wala moto, wala moshi. Mlaji huwashwa, uso humwiva, na kichwa humuuma. Kwa hiyo moshi hautumiwi kumfufua samaki aliyeanza kuharibika. Samaki awe na macho maangavu, mashavu mekundu, na mnofu unaorudi ukibonyezwa kwa kidole. Kama hawezi kushughulikiwa mara moja, atiwe barafu tangu ufukweni.

Kulowekwa na kuanikwa

Kwa kumbwe ya watu kumi au kumi na wawili, anatosha kolekole mmoja wa kilo moja na nusu. Huparwa magamba, hutumbuliwa, huoshwa, kisha hupasuliwa kwa urefu na kutolewa uti ili zipatikane pande mbili za mnofu. Ngozi huachwa, kwani ndiyo itakayoshika mnofu usidondoke motoni. Kichwa na uti havitupwi; vitatajwa tena.

Katika lita moja ya maji baridi huyeyushwa gramu 70 za chumvi, ambazo ni vijiko vya mezani vinne hivi, pamoja na kijiko kimoja cha sukari na punje chache za pilipili manga zilizopondwa. Minofu hulowekwa humo kwa dakika 40, bakuli likiwa mahali pa baridi. Wako wanaopaka chumvi kavu badala ya kuloweka. Njia hiyo si mbaya, ila chumvi hukolea zaidi mkiani, ambako mnofu ni mwembamba, kuliko mgongoni. Na mgeni akionja kipande cha mkia kwanza, hatataka cha pili.

Baada ya dakika hizo minofu hutolewa, hupitishwa upesi katika maji safi, hupanguswa kwa kitambaa, kisha huanikwa. Kuanika hapa si juani. Minofu huwekwa juu ya wavu au ungo kivulini, pale penye upepo, ikifunikwa na kawa au kitambaa chepesi ili nzi wasitue. Muda ni saa moja, kama unyevu wa hewa ni mkubwa saa moja na nusu. Huanuliwa pale ambapo uso wa mnofu unang'aa na kunata kidogo ukiguswa. Utando huo unaonata ndio unaoshika moshi. Hatua hii hurukwa na wenye haraka, na matokeo yake ni samaki aliyelowa, mwenye madoa ya masizi, na uchungu ambao ndimu haiwezi kuufunika. Mtu mwenye saa mbili tu za kuandaa chakula na afadhali aipunguze hatua nyingine yoyote kuliko hii.

Moshi na kuni zake

Ni kuni gani zitoe moshi? Katika mji uliozungukwa na mikoko, jibu la haraka lingekuwa mkoko, mkandaa au mchu, na ni kweli kwamba kuni za mikoko huwaka vizuri na kutoa makaa mazito. Lakini misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na siku hizi Vanga ina sababu nyingine ya kuitunza. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kupitia chama chao cha VAJIKI, wanalinda hekta zipatazo 460 za mikoko katika mradi unaouza hewa ya ukaa, kwa mfano wa ule wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa hiyo huko Gazi mwaka 2013. Zaidi ya fedha, katika mizizi ya mikoko ndiko samaki wengi wachanga hujificha na kukua. Anayekata mkoko ili amkaushe samaki anajikatia samaki wa mwakani.

Kwa bahati njema, kitu bora zaidi kimelala bure chini ya minazi. Makumbi, yaani yale maganda yenye nyuzi yanayobaki nazi ikifuliwa, hufuka kwa muda mrefu bila kuwaka yakiwa na unyevu kidogo, na moshi wake ni mtamu. Vifuu navyo, vikikauka, hutoa makaa makali yanayodumu. Matawi makavu ya mpera yanaweza kuongezwa kwa harufu. Visivyofaa ni mbao zenye rangi au dawa, magazeti, na maganda ya korosho. Hayo ya mwisho yanasisitizwa kwa sababu Kwale ina mikorosho mingi na maganda ni rahisi kupatikana. Mafuta yaliyomo huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo.

Chombo hakihitaji kununuliwa. Debe la mafuta ya kupikia hukatwa juu na chini ili liwe kama bomba pana, kisha husimamishwa juu ya jiko la makaa, nje ya nyumba, mahali ambapo upepo hauvumi moja kwa moja. Debe liwe halijapakwa rangi, wala lisiwe bati lililotiwa zinki. Karibu na ukingo wa juu hutobolewa matundu ya kupitisha vijiti vya mpera vilivyolowekwa majini, na juu ya vijiti hivyo ndipo minofu inapolazwa, ngozi ikiwa chini. Kati ya makaa na samaki pawe na sentimita 30 au zaidi.

Makaa ya vifuu yakishakuwa mekundu na moto umelala, hutiwa makumbi yenye unyevu, mdomo wa debe hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, na kazi ya mpishi inakuwa ni kutazama. Dakika 20 za mwanzo moto uwe hafifu kabisa, samaki apate rangi. Kisha makaa huongezwa kidogo kidogo ili samaki aive. Ikizuka ndimi ya moto, hunyunyiziwa maji, haipulizwi. Kwa jumla huchukua saa moja na robo mpaka saa moja na nusu kwa kolekole wa ukubwa uliotajwa. Wenye kipimajoto huhakikisha kwamba joto la ndani ya mnofu limefika nyuzi 63 za Selsiasi na likadumu hapo kwa nusu saa. Wasio nacho hutumia njia ya zamani: mnofu ukiguswa kwa ncha ya kisu katika sehemu nene kabisa huachana kwa mafungu, na hakuna panapobaki pa kung'aa kama kioo.

Wanaotaka kukausha wengi kwa pamoja hawataweza kwa debe. Afrika Magharibi ilitatua shida hiyo zamani kidogo. Katika kijiji cha wavuvi cha Chorkor, Accra, yapata mwaka 1970, lilibuniwa tanuri la udongo ambalo juu yake hupangwa trei nyingi za mbao na wavu, moja juu ya nyingine, moshi ule ule ukipita katika zote, huku wanawake wakizibadilisha nafasi trei ya chini ikawa ya juu. Halihitaji chuma ghali wala umeme. Tanuri la namna hiyo lingefaa mno kwa kikundi cha mama karanga, na udongo wa kulijengea ni ule ule unaokandika kuta za nyumba.

Samaki akiiva, hufunuliwa na kuachwa apoe kabisa. Asichambuliwe akiwa moto. Mafuta humtoka, na harufu ya moshi, ambayo mwanzoni ni kali, huwa haijatulia. Wapishi wenye subira humweka katika jokofu usiku mzima na kumtumia kesho yake, na samaki huyo wa kesho ni bora.

Tui, ndimu na mkate

Katika mapishi ya Ulaya samaki wa namna hii huchanganywa na siagi au malai. Vanga kuna nazi. Nazi moja iliyokomaa hukunwa, na kutiwa maji ya uvuguvugu nusu kikombe tu, ikakamuliwa ili lipatikane lile tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile. Tui hili huinjikwa katika moto mdogo na kukorogwa kwa upande mmoja bila kuachwa, kwani likiachwa lichemke ovyo hukatika, mafuta yakaenda zake na maji yakabaki. Linapokuwa zito kiasi cha kushikamana na mwiko, huipuliwa na kupozwa.

Minofu huchambuliwa kwa vidole, si kwa kisu, kwa kuwa kidole hukutana na mwiba na kisu huukata tu. Kwa gramu 400 za samaki aliyechambuliwa hutiwa vijiko vitatu vya tui lililopozwa, maji ya ndimu moja na nusu, kitunguu kidogo kilichokatwa kwa udogo sana na kusuguliwa na chumvi kisha kuoshwa, pilipili moja ya kijani iliyotolewa mbegu, na dania iliyokatwakatwa. Huchanganywa kwa uma, kwa mkono mwepesi. Mchanganyiko usiwe uji. Mlaji aone samaki. Chumvi haiongezwi kabla ya kuonja, kwani ile ya kulowekea ingali ndani.

Mkate ufaao ni boflo la jana, lililoanza kukauka, likikatwa vipande vya unene wa kidole kidogo. Mkate laini wa dukani unaweza kutumika, ila hunywea upesi. Yuko anayependelea mkate wa mofa, na ladha ya mtama huendana na moshi kwa namna ya kushangaza, lakini mkate huo ni mzito na huelekea kuifanya kumbwe iwe mlo. Vipande hubanikwa juu ya wavu, makaa yakiwa yamefunikwa na jivu jembamba, dakika moja au mbili kila upande. Vikiwa bado na moto, husuguliwa kwa punje ya kitunguu saumu iliyokatwa katikati. Hatua hii ni ya kumalizia, si ya kuanzia: mkate uliobanikwa mapema na kungojeshwa huwa ama mgumu kama kigae ama mlegevu kama sifongo. Kwa sababu hiyo hiyo samaki hapakwi juu ya mkate jikoni na kuachwa. Bakuli na sinia ya mkate huletwa pamoja barazani, na kila mmoja hujiwekea kijiko kimoja, akaongeza tone la ndimu au kipande cha achari ya embe akipenda. Kwa kiasi kilichotajwa hupatikana vipande 30 hivi.

Mchanganyiko usikae nje zaidi ya saa moja katika joto la pwani, kwa ajili ya tui. Samaki wa moshi peke yake, asiyechanganywa, huhifadhika katika jokofu kwa siku tatu akiwa amefunikwa vizuri. Kinyume cha imani ya wengi, moshi wa saa moja na nusu haumfanyi samaki awe wa kukaa kabatini kama ng'onda. Umempa ladha na umemwivisha, lakini haujamkausha. Anayetaka samaki wa kusafiri naye hadi Nairobi bila barafu itampasa amrudishe motoni kwa saa nyingi zaidi, na huyo hatakuwa tena wa kuwekwa juu ya mkate.

Kichwa na uti vilivyowekwa kando huangikwa juu ya moshi uo huo baada ya minofu kutolewa, wakati makaa yanafifia, na huanguliwa usiku jiko likiwa limezima. Kesho yake hutiwa katika mchuzi wa nazi wa mabamia au wa bilingani, pamoja na lile tui la pili jepesi lililobaki wakati wa kukamua, na hapo hakuna anayeuliza samaki yuko wapi.